Hakimu hakumhukumu kifua kikuu: hotuba ya Wiki ya Sheria, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa mahakimu, mawakili wenzangu, maafisa wa Magereza na wa Polisi, viongozi wetu wa dini, wasaidizi wa kisheria mliotoka Rombo, Mwanga, Hai na Siha, na ninyi ndugu wa wafungwa na mahabusu mlioacha shughuli zenu kuja hapa: itifaki imezingatiwa. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Habari za asubuhi.

Wakati wa chai mzee mmoja alinisogelea akaniuliza nitazungumzia nini. Nikamwambia, haki ya mfungwa kutibiwa na kuwa salama gerezani. Akacheka, akasema, "Mwanangu, kwani wanataka wakalale hotelini?" Namshukuru, maana amesema kwa sauti kile ambacho wengi wenu mnakiwaza kimyakimya kwa adabu. (Kicheko.) Basi nianze na swali lake.

Mtu anaposimama kizimbani akahukumiwa miaka mitano, hukumu inasema miaka mitano. Haisemi miaka mitano na kifua kikuu. Haisemi miaka mitano na upele, na jino bovu lisilong'olewa, na kupigwa na wenzake taa zikizimwa. Adhabu aliyopewa ni moja, kunyimwa uhuru, na imeandikwa na hakimu baada ya kusikiliza pande mbili. Hayo mengine yakiongezwa nyuma ya ukuta, yameongezwa na mtu ambaye sheria haikumpa kalamu ya kuhukumu.

Katiba yetu haikuacha pengo hapo. Ibara ya 13(6)(d) inataka heshima ya mtu itunzwe hata anapokuwa chini ya ulinzi bila uhuru, na hata katika utekelezaji wa adhabu yenyewe. Kifungu kinachofuata kinakataza kutesa, kuadhibu kinyama, na adhabu zinazomtweza mtu au kumdhalilisha. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Nimezisoma ibara hizo mara nyingi nikitafuta maneno "isipokuwa mfungwa". Hayamo.

Sisi wa mlimani tunafuga ng'ombe ndani. Aliyemfunga kamba ndiye anayekwenda kukata majani, mvua inyeshe, jua liwake. Hawezi kumlaumu ng'ombe kwa kutojitafutia. Mnisamehe kwa kumweka binadamu kwenye mfano huo, lakini hoja ya sheria ni hiyohiyo. Mimi na wewe tukiugua usiku tunaamka, tunampigia bodaboda, tunakwenda hospitali ya Mawenzi, na pesa isipotosha tunamwamsha shemeji. Mfungwa hana bodaboda wala shemeji. Ana mlango, na ufunguo uko kwa mwingine. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ililisema hili mwaka 1998, ikiamua shauri la Ken Saro-Wiwa wa Nigeria, ambaye alizuiliwa kumwona daktari akiwa kizuizini na hatimaye akanyongwa Novemba 1995. Ilisema aliye kizuizini anaitegemea serikali kwa kila kitu, na kwa sababu hiyo wajibu wake kwa afya ya aliyemo ndani unazidi kuwa mzito.

Hapo nimezungumza kana kwamba wote walio ndani wamehukumiwa. Sivyo. Nendeni kituo chochote siku karandinga linapoondoka kwenda mahakamani, mtaona waliojaa humo ni mahabusu: watu ambao kesi zao zinatajwa tu, upelelezi haujakamilika, au dhamana ipo lakini mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa hajapatikana. Hawa Katiba inakataza kabisa kuwatendea kama wenye hatia. Na hao ndio wanaolala kwenye vyumba vilivyosongamana kuliko vyote.

Niwape kisa kutoka Afrika Kusini, maana kimenifundisha mengi kuliko vitabu vya chuo. Dudley Lee alikamatwa mwaka 1999 akapelekwa gereza la Pollsmoor, Cape Town. Alipoingia hakuwa na kifua kikuu. Kesi yake ikaburutwa, akawa anapelekwa mahakamani na kurudishwa, akibanana na wenzake selo, mahakamani na ndani ya gari. Mwaka 2003 akagundulika ana kifua kikuu. Mwaka 2004 akaachiwa huru, hana hatia. Yaani serikali ilimchukua mzima ikamrudisha mgonjwa, kisha ikasema samahani, tulikosea mtu.

Akashtaki. Na hapa mawakili vijana msikilize vizuri, kwa sababu utetezi wa serikali ulikuwa mzuri. Ilisema: thibitisha ni mfungwa gani aliyekukoholea, siku gani, chumba gani. Nani anaweza kuthibitisha hilo? Mdudu wa TB hana kitambulisho. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na serikali. Lakini Desemba 2012 Mahakama ya Katiba, kwa kura moja tu ya ziada, ikasema hapana. Uongozi wa gereza ulijua hatari ipo. Ulikuwa na taratibu zake wenyewe za kumpima kila anayeingia, kumtenga anayekohoa na kusimamia dawa. Taratibu hizo hazikufuatwa. Inatosha kuonyesha kwamba zingefuatwa, hatari ya Lee kuambukizwa ingepungua. Serikali ikawajibika.

Pollsmoor ndiko Nelson Mandela mwenyewe alikougua kifua kikuu mwaka 1988. Yeye alipelekwa hospitali, akatibiwa, akapona, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inamtazama. Dudley Lee hakuwa na dunia.

Hukumu ile haiwafungi mahakimu wetu, lakini hakuna kinachowazuia kuisoma. Kifua kikuu hakijali mpaka wa nchi. Kinakwenda kwa hewa. Kinataka chumba kilichojaa, dirisha dogo, na saa nyingi za kukaa pamoja, na vyote vitatu gerezani vipo. Duniani kote gereza lina wagonjwa wa TB kwa kiwango cha takriban mara kumi ya kile cha mtaani. Mkoa huu tuna Kibong'oto pale Siha, hospitali ambayo imetibu kifua kikuu tangu miaka ya 1920, na wataalamu wake wanaheshimika nchi nzima. Kwa hiyo ujuzi uko umbali wa saa moja hivi kwa gari. Kinachohitajika ni mtu wa kuuliza, siku ya kwanza kabisa mlangoni: unakohoa? Tangu lini? Unatoa jasho usiku? Umepungua uzito? Maswali manne na kopo la makohozi.

Na askari magereza, afande, hili ni lako pia. Hewa ya bweni ndiyo unayovuta wewe zamu nzima, kisha unarudi kotazi kwa watoto wako. Ninashangaa kila mara haki ya afya ya mfungwa inapozungumzwa kana kwamba askari yuko upande wa pili wa meza.

Sasa, TB ni ya kimya na ya muda mrefu. Kinachoua haraka ni kukatika kwa dawa. Mtu anakamatwa saa nne usiku kwake Njoro au Pasua. Ana kisukari, au pumu, au kifafa, au anatumia dawa za kufubaza virusi. Dawa iko kabatini, yeye yuko mahabusu ya polisi. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini akikamatwa Ijumaa jioni wote mnajua Jumatatu iko wapi.

Ndugu, fanyeni hivi. Pelekeni dawa pamoja na kadi ya kliniki, si dawa peke yake, maana askari ana haki ya kuogopa vidonge asivyovijua. Ombeni mkuu wa zamu aandike kwenye kitabu kwamba dawa imepokelewa, saa ngapi, na nani. Mkikataliwa, ulizeni kwa upole jina la aliyekataa, na ninyi wenyewe mwandike saa. Mtu akiwa ameumizwa wakati wa kukamatwa, ombeni PF3, fomu ya polisi ya kupelekwa kutibiwa, pale pale. Msisubiri majeraha yakauke. Na mkienda msigombane. Nimeona mama akipigania sindano ya insulini ya mwanawe kwa matusi, akaishia kukaa kaunta na yeye. Barua ingefanya kazi zaidi.

Nani aamue kwamba mfungwa anahitaji hospitali? Swali hili linaonekana dogo, lakini ndipo watu wanapofia. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizotungwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1955 na kuandikwa upya Desemba 2015 kwa jina la Mandela, zina jibu fupi. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate kiwango kilekile cha matibabu kinachopatikana kwa jamii iliyomzunguka, bure. Haisemi apate zaidi: kama mtaani hakuna mashine, na yeye hatakuwa nayo. Kanuni ya 27 inasema uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya, na mtu asiye mtaalamu hawezi kuutengua wala kuupuuza. Nyapara hawezi kuamua nani anadeka. Askari wa lango hawezi. Hata mkuu wa gereza, pamoja na nyota zake zote, akiandikiwa na tabibu kwamba huyu aende Mawenzi au KCMC leo, hawezi kusema aende Alhamisi. Na mahabusu akiwa na uwezo, Kanuni ya 118 inamruhusu kutibiwa na daktari wake mwenyewe kwa gharama yake, kama kuna sababu ya msingi.

Nitaambiwa gari halina mafuta. Najua. Nimekaa na wakuu wa magereza wanaotoa mafuta mfukoni mwao, na siwezi kuwasimanga. Lakini ukosefu wa pesa una mpaka wake kisheria. Marekani, ambako wanafunga watu wengi mno, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ilisema mwaka 1976, katika shauri la mfungwa wa Texas aliyeangukiwa na robota la pamba, kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili. (Mfungwa mwenyewe alishindwa kesi, kanuni yake ndiyo iliyoshinda. Sheria ina vituko vyake.) Miaka 35 baadaye, mwaka 2011, mahakama hiyohiyo iliikuta California imejaza magereza karibu mara mbili ya uwezo wake, na wafungwa wanakufa kwa magonjwa yanayotibika. Jimbo likasema bajeti hairuhusu. Mahakama ikajibu, basi punguzeni watu, na ikaidhinisha amri ya kushusha idadi hadi asilimia 137.5 ya uwezo. Angalieni mantiki yake: kama huna uwezo wa kumtunza, huna uwezo wa kumfunga.

Hapa kwetu tunajua kupunguza tukitaka. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo mmoja, na nchi haikuanguka. Lakini msamaha ni rehema ya siku moja. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu mwaka 2002, na bado kijana aliyeshindwa faini ndogo anaingia gereza la Karanga badala ya kufagia soko. Waheshimiwa mahakimu, hili nalisema kwa heshima zote na nitalirudia mkinialika tena.

Usalama. Kuna mambo hapa ambayo ni mazito kuyasema mbele ya wazee na maaskofu, lakini tusipoyasema yataendelea. Bweni likifungwa jioni, askari wako nje na nguvu iko kwa wenye nguvu. Kanuni za Mandela zinakataza mfungwa kupewa madaraka ya kumwadhibu mwenzake, kwa sababu nyapara mwenye fimbo si msaidizi wa askari, ni serikali ndogo isiyo na sheria. Vijana wanaingiliwa. Mnanielewa. Akitokea mmoja akapata ujasiri wa kusema, kuna saa 72 za kumpa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, zile wanaziita PEP, na zikianza mapema ndiyo bora. Saa 72 haziwezi kuisha tukisubiri mkuu arudi semina. Aliyebakwa apelekwe hospitali kwanza. Maswali ya nani alianza yaje baadaye.

Watoto ndio kabisa hawapaswi kuwa humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi, na Moshi na Arusha ni kati ya miji michache nchini yenye mahabusu ya watoto, kwa hiyo huku kwetu kisingizio cha "hakuna pa kuwapeleka" ni dhaifu kuliko mikoani kwingine. Msaidizi wa kisheria ukiona sura changa kwenye karandinga, uliza cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo kabla hujauliza kosa.

Wanawake wajawazito nitawagusa kwa sentensi moja: hakuna pingu wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua, wala mara tu baada ya kujifungua.

Mtaniuliza, haya yote nayadai wapi? Watu wa Arusha, ndugu zetu, wanaishi jirani na majengo mengi ya haki kuliko mji wowote Afrika. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale hadi 2015. Watuhumiwa wake walishikiliwa kwenye kizuizi cha Umoja wa Mataifa ndani ya eneo la gereza la Kisongo, wakiwa na huduma ya daktari. Nilikuwa nikipita barabara ile nikijiuliza, mtuhumiwa wa kuiba mkungu wa ndizi, kwenye eneo hilohilo, anapimwa kwa mizani gani.

Arusha kuna pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Moja ya hukumu zake zinazojulikana sana ilianzia hapa mkoani kwetu, kwa Alex Thomas, aliyehukumiwa Rombo kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kesi iliendelea bila yeye kujitetea, naye alikuwa mgonjwa hospitalini. Tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama ikasema haki yake ilivunjwa. Oneni jinsi afya na haki zinavyoshikana: mgonjwa hawezi kujitetea, na asiyejitetea anafungwa.

Mlango ule umefungwa nusu. Novemba 2019 nchi yetu ilijiondoa kwenye tamko lililomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja, na mwaka uliofuata hatua hiyo ikaanza kazi. Mimi naona tulikosea, na nasema hivyo nikiwa raia mwema. Mgeni rasmi atanijibu akipenda.

Imebaki milango ya nyumbani. Ibara ya 30(3) inakupeleka Mahakama Kuu, ingawa mabadiliko ya mwaka 2020 yalitaka uonyeshe kwa kiapo kwamba wewe mwenyewe umeguswa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inaweza kuingia gerezani na kupokea malalamiko bila ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria na kumpa njia ya kuwafikia waliozuiliwa.

Lakini mlango wa karibu kuliko yote ni hakimu anayetaja kesi kila baada ya wiki mbili. Mahabusu anaponyoosha mkono akasema, "Mheshimiwa, naumwa, sijapelekwa hospitali," na hakimu akaandika, maneno hayo yameingia kwenye mwenendo wa shauri. Hakimu anaweza kutoa amri atibiwe, na wiki mbili baadaye ataulizia. Mahabusu wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa kusema lolote siku ya kutajwa. Waambieni. Na ndugu walio nje, kila barua mnayopeleka kwa mkuu wa gereza iwe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo nyumbani.  Familia yenye karatasi yenye muhuri inasikilizwa kuliko familia yenye machozi, na inaniuma kulisema hilo.

Akifia ndani, msikubali kupewa mwili na neno "presha" tu. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ipo kwa ajili hiyo: kifo cha aliye chini ya ulinzi kinachunguzwa kimahakama. Ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Najua mila zetu, najua msiba haupendi kusubiri. Ukishafukia, kufukua kunahitaji amri ya mahakama na pesa mara tatu.

Mshereheshaji ananionyesha saa. Wasaidizi wa kisheria wako meza ya kushoto, karibu na mlango, wana nakala za barua ya malalamiko kwa Kiswahili; mnajaza jina, namba ya kesi na ugonjwa. Wenye kesi zinazotajwa wiki ijayo waanze wao, wengine mtaandikishwa siku ya kuja ofisini. Maafisa wa Magereza wamekubali kubaki nusu saa kujibu maswali, na kwa hilo nawashukuru. Mama uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja insulini, karibu kipaza sauti.